Taka za hospitali: zichomwe au zipikwe kwa mvuke?

Wanaotetea tanuri la kuchomea taka wana hoja nzito: moto haubagui. Bandeji yenye damu, dawa iliyopitwa na muda, kiungo kilichokatwa, vyote huishia majivu, na hakuna atakayeokota bomba la sindano jalalani alitumie tena. Hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2000 sindano zisizo salama ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini B, na 260,000 VVU.

Shida ni kwamba tanuri nyingi ni tanuri kwa jina tu. Tanuri la kweli lina vyumba viwili: kimoja huunguza taka, cha pili huunguza moshi wake kwa nyuzi 850 au zaidi. Lile la matofali linalowashwa kwa kuni halifiki huko. Ukilitilia plastiki ya PVC, ambayo ndiyo mifuko mingi ya dripu, klorini yake huzaa dioksini, sumu ya saratani ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 unataka ipunguzwe. Anayeivuta ni jirani, si mgonjwa.

Otoklevu, yaani mashine inayopika taka kwa mvuke, haina moshi huo. Nyuzi 121, mvuke wenye mgandamizo, nusu saa au zaidi, vijidudu vimekufa. Mimi naegemea huku, ingawa si kwa moyo mmoja. Mvuke hauwezi dawa za saratani, na sindano hutoka safi lakini bado inachoma, hivyo lazima isagwe au ifukiwe. Linalonitisha zaidi ni hili: majivu unayaona, ila mfuko uliopikwa nusunusu, kwa sababu umeme ulikatika, unafanana kabisa na ulioiva. Bila vipimo vya kila mzunguko, mhudumu anabeba vijidudu hai akidhani amebeba takataka tu.

Hata hivyo, mashine yoyote huelemewa na kosa linalofanyika kando ya kitanda. Takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida: maboksi, karatasi, mabaki ya chakula. Tupa pamba moja yenye damu humo, na ndoo nzima imekuwa hatari. Tanuri lililoshindiliwa hufuka. Otoklevu iliyojazwa pomoni, mvuke haupenyi katikati. Nayo bajeti hununua mashine kwanza, ndoo za rangi tofauti za kutenganishia taka na glavu nene za wasafishaji zikisubiri mwaka ujao.