Dizeli yangu ya Slough msiniombe niilete Tanga

Binamu yangu wa Tanga kanipigia tena juzi. Salamu ndefu, watoto hawajambo, mvua zimechelewa, halafu likaja lenyewe: "Kaka, hiyo gari yako ya dizeli, kama huko hawaitaki, si uitupie kwenye kontena? Huku dizeli ni mali."

Hii ni mara ya tatu ananiomba, na najua hayuko peke yake. Wabongo wengi tulioko Uingereza tumepokea simu ya namna hii tangu tarehe 29 Agosti 2023, siku London ilipopanua ule ukanda wake wa hewa safi, ULEZ, ukafunika mitaa yote ya jiji. Dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6, yaani karibu zote zilizosajiliwa kabla ya Septemba 2015, hulipa pauni 12.50 kwa siku ikiingia humo. Petroli hupita hata ya mwaka 2006. Jirani yangu ana kigari cha petroli chenye umri wa kupiga kura, mlango mmoja wa rangi tofauti, na kinaingia London bure. Mimi na dizeli yangu ya 2012 tunatoa hela.

Mimi naishi Slough, nje kidogo ya mpaka huo. Wakazi wa London wenyewe waliwekewa fidia ya hadi pauni 2,000 wakipeleka gari la zamani likavunjwe. Sisi wa nje hatukuwamo. Lakini kiwanja cha ndege cha Heathrow kimo ndani, kwa hiyo kila shangazi anayeshuka pale ananigharimu 12.50 kabla hata hajauliza kama nimenenepa. Na siku huhesabiwa toka saa sita usiku hadi saa sita usiku. Tulialikwa harusi ya Kitanzania huko mashariki ya London, na mnazijua harusi zetu: kadi inasema saa kumi na mbili jioni, bibi harusi anaingia saa tatu, keki inakatwa saa tano na nusu. Nilipoliwasha gari saa nane usiku ilikuwa tayari siku nyingine. Pauni 25, mbali na mchango.

Nirudi nyuma kidogo. Gari hili nililinunua 2019 kwa mzee mstaafu aliyekuwa akilitumia kuvuta karavani hadi Scotland kila kiangazi. Viti saba, injini ya lita mbili, maili 78,000, pauni 5,200. Kabla sijaenda kuliona niliandika namba yake kwenye tovuti ya serikali nikasoma maisha yake yote: MOT, yaani ukaguzi wa gari wa kila mwaka, maili zilizosomwa siku ile, mwaka aliofelishwa kwa sababu ya tairi la mbele kushoto, mwaka alioonywa kwamba breki zinakaribia kuisha. Bure kabisa, na mtu yeyote anaweza kuangalia gari lolote. Niliwakumbuka madalali wetu na tangazo lao moja la siku zote: "Gari kali, namba D, ilikuwa inatumiwa na mama, injini haijaguswa." Huyo mama wa kwenye matangazo sijui ana magari mangapi.

MOT yenyewe ni lazima kila mwaka gari likishatimiza miaka mitatu, na kituo hakiruhusiwi kukutoza zaidi ya pauni 54.85. Kwetu tuna stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, na kila mwenye gari anajua ameipataje. Kama kuna kitu cha huku ningekipakia kwenye kontena bila kuombwa, ni ule ukaguzi. Gari hapana.

Sababu ni hii. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Saa moja asubuhi niko kwa bibi wa kwanza: chai, dawa, kumwogesha. Nawasha gari, dakika nne, nazima kwa babu wa pili. Nawasha, dakika sita, nazima. Mpaka saa saba mchana nimeshawasha na kuzima mara kumi na injini haijawahi kupata moto sawasawa. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, wenyewe wanaliita DPF. Linakusanya masizi, na likijaa linatakiwa kujichoma lenyewe kwa joto la nyuzi kama 600 ndipo lijisafishe. Joto hilo halipatikani kwenye safari ya dakika nne. Linapatikana barabara kuu, mwendo ukiwa mmoja, robo saa au dakika ishirini mfululizo.

Mimi nilikuwa sijui. Nilinunua dizeli kwa akili ya nyumbani: dizeli inakula kidogo, dizeli inadumu. Miezi mitano tu, taa ya manjano ikawaka kwenye dashibodi, gari likagoma kuvuta. Fundi akachomeka mashine yake, akasoma, akaniuliza unafanya kazi gani. Nilipomwambia akacheka, si kwa dharau, kama daktari anayemcheka mgonjwa wa kisukari aliyekuja na soda mkononi. Kusafisha chujio na kubadili kifaa kidogo cha kupimia mgandamizo, pauni 340. Kifaa chenyewe kinaingia kiganjani. Zilizobaki ni saa zake.

Hapo napo kuna tofauti ambayo hainiishi hamu ya kuisema. Huku fundi hatengenezi, anabadilisha. Kitasa kimekatika kidole kimoja cha plastiki? Leta kitasa kizima. Pale Lushoto fundi wa mjomba aliwahi kukata gasketi kwa mkasi, kaipigia nyundo taratibu juu ya chuma chenyewe mpaka matundu yakatokea, kaipaka grisi, kaifunga. Ilidumu miaka miwili, na mjomba alilipa kwa fedha kidogo na kabichi nne.

Mjomba ndiye aliyenifunza kupenda dizeli. Alikuwa na Land Cruiser ya zamani, ile tunayoiita mkonga, injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, haina turbo, haina kompyuta, pampu inasukuma mafuta kwa chuma na chuma. Asubuhi za baridi za Lushoto anageuza ufunguo nusu, anangoja kitaa cha hita plagi kizime, sisi watoto nyuma tunahesabu kwa sauti, kisha linanguruma na moshi mweusi unafunika migomba ya jirani. Gari hilo lilibeba wagonjwa, maharusi na viazi. Liliteremka kona za Mombo kwa gia ya pili, breki haiguswi, injini ndiyo inashika. Dizeli pale ilikuwa mahali pake.

Na lilivumilia mafuta ya aina zote. Wa rika langu mnakumbuka enzi za kuchakachua, mafuta ya taa yanachanganywa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. Mpaka EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, ikaanza kuweka vinasaba, ile alama ya kutambua mafuta halisi, 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kuua ile faida. Injini ya mjomba ilikunywa, ikakohoa, ikaendelea. Hizi zetu za sasa zinasukuma dizeli kwenye nozo kwa mgandamizo wa bar 1,600 na zaidi. Tairi lako lina bar mbili na kitu, linganisha mwenyewe. Pampu yake inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani. Dizeli ikiwa nyepesi, au ina maji kidogo kutoka kwenye tangi la sheli ya njiani, pampu inajisaga, na vumbi lake la chuma linaenda moja kwa moja kwenye nozo zote nne.

Nasema haya kwa sababu tumeshawahi kutuma. Mwaka 2017 mimi na shemeji tulipeleka dizeli ya viti saba, safi, bei ya kutupa, tukajiona wajanja. Bandarini ushuru ulipojumlishwa, pamoja na nyongeza ya uchakavu kwa kuwa gari lilizidi miaka kumi, ukaizidi bei tuliyolinunulia. Sawa, tulilipa. Miezi minane baadaye taa ikawaka. Salfa ndani ya dizeli kwetu imepunguzwa sana, nchi za Afrika Mashariki zilishuka hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, lakini gari lile lilizoea mafuta ya huku yasiyozidi 10. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, akafanya anachojua: akafungua chujio, akalitoboa, akatoa tumbo lote, akalirudishia tupu. Mimi simlaumu. Angelisafishia wapi? Ila kompyuta ya gari haikudanganyika. Ikapunguza nguvu, gari likawa halizidi kilomita 60 kwa saa. Shemeji alilipandisha Mombo na familia yote ndani, lori la saruji likampita, utingo akampungia mkono. Baadaye zikafuata nozo. Hazikupatikana Kariakoo, nikazinunua huku, nikampa mtu azibebe kwenye begi. Leo gari lile limepaki chini ya mwembe na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Binamu anaijua hadithi hii. Anasema ile ilikuwa bahati mbaya. Anasema pia kwamba nyumbani hakuna kodi ya barabara ya kila mwaka, na hapo ana haki: iliondolewa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya lita, wakati mimi kila mwaka nalipa pauni zaidi ya mia mbili hata gari lisipotoka uani. Anasema ataliendesha Tanga–Dar tu, safari ndefu, chujio litajichoma lenyewe. Amesoma, siyo mjinga. Kwa barabara ile angelitendea haki kuliko mimi, nakiri. Lakini barabara inalisha chujio tu. Haimletei nozo wala haisafishi dizeli.

Jumapili jioni alinikuta njiani. Waingereza saa hizo wanatembeza mbwa, mimi natembeza gari. Naingia barabara kuu ya M4, natia gia ya nne badala ya sita ili injini izunguke kwa kasi, maili 65 kwa saa, naelekea magharibi bila shughuli yoyote. Simu ikaingia kwenye spika.

"Kaka, uko safarini?"

"Nipo barabarani."

"Unaenda wapi?"

"Siendi popote."

Akanyamaza kidogo. Nikamwambia nimefikiria: gari sitatuma, ila nitachangia nusu ya bei ya Noah ya petroli kutoka Japani, spea zake zinauzwa kila kona, hata fundi wa chini ya mti analijua.

"Noah?" akasema. "Kaka, na wewe uko Ulaya?"

Nilikuwa nimefika karibu na Reading. Taa ya manjano, iliyokuwa imewaka tena, ilizimika hapo nikimsikiliza, nikatokea Theale, nikazunguka mzunguko wote, nikaanza kurudi.

"Angalau iwe Prado," akasema.