Kwetu pesa ya mradi tunaijua siku ya uzinduzi

Wamefunga tena barabara ya katikati ya huu mji mdogo wa Iowa, Marekani, ninakoishi, na kupata pa kuegesha gari imekuwa vita. Wanakarabati kuta za mbele za maduka ya zamani. Nimenuna, lakini siwezi kusema nimeshtukizwa: tangazo lilitoka gazetini kabla mji haujaomba hata senti. Kiasi kinachoombwa, maduka yatakayoguswa, siku ya kikao ambacho mkazi yeyote anaweza kwenda kupinga.

Ni ruzuku ya serikali kuu, mpango wa tangu 1974. Miji mikubwa hupewa fungu lake moja kwa moja. Midogo kama huu hushindania kupitia jimbo, na sharti mojawapo ni kusikiliza wananchi kwanza.

Najua mtakachosema. "Huyu kala baga mbili tatu, sasa anatufundisha maendeleo." Tulieni. Huku nako wanalia. Fomu ni ndefu, mji wenye karani mmoja hauziwezi, lazima utafute wa kuuandikia. Na duka likishapendeza kwa nje, wateja bado wanakwenda supamaketi kubwa ya pembeni ya mji. Sisifii watu, nasifia tangazo.

Kinachoniuma ni kwamba nyumbani Tanzania sheria tunazo. Halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mkutano mkuu wa kijiji uitwe kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Nilipomsimulia jirani yangu Mmarekani hiyo ya asilimia 10, alidhani namtania. Nilijivuna, sikatai. Sikumwambia kwamba dada yangu, mwenye kikundi cha kukamua alizeti, alijua fomu zinatolewa wakati zimeshakwisha, kwa kuwa tangazo lilibandikwa ndani ya ofisi ambayo mwenye ufunguo alikuwa semina. Mikopo ilisitishwa 2023, ikarudi 2024; yote mawili aliyasikia kwa bodaboda.

Sisi mradi tunaujua ukishazinduliwa. Mwenge ukifika ndipo kiasi kinatajwa kwenye kipaza sauti, nasi tunapiga makofi. Ukiuliza kilichobaki kiko wapi, unaambiwa unaleta siasa.

"Rudi basi ugombee udiwani." Kwani kuuliza kuna kadi ya chama? "Watu wetu hawasomi matangazo." Hao hao wanaojua saa ya mechi ya Simba na Yanga, kiingilio na nani ana kadi mbili za njano? Bibi yangu haoni vizuri, lakini bei ya mbaazi ya wiki hii anayo. Habari inayomhusu mtu haihitaji kubembelezwa, inahitaji kumfikia.

Wala msiniambie suala la bajeti. Siku ya gulio lipo gari la spika linalozunguka kutwa likinadi dawa ya panya na kunguni. Dereva apewe karatasi moja asome katikati ya kunguni na panya: kata hii imetengewa kiasi gani, fomu zinatoka lini, na vikundi gani vilipata mwaka jana. Hayo mawili ya kwanza atayasoma bila shida. La tatu, nahofia atapigiwa simu kabla hajamaliza kuzunguka soko.