Sheria imebadilika, sindano haijaletwa

Mjomba wangu hudungwa sindano moja kila baada ya wiki nne. Akiipata, ukimkuta pwani anashona nyavu hutajua lolote: atakuuliza hali, atakuuliza mama hajambo, kisha atakulalamikia bei ya uzi. Akiikosa mwezi mmoja, huenda asibadilike. Mwezi wa pili usingizi humkimbia, huanza kujibizana na watu tusiowaona, na sisi tuliobaki nyumbani tunalala mang'amung'amu hadi alfajiri.

Kwa hiyo nikisikia serikali ya Kenya inarekebisha huduma za afya ya akili, mimi huwa na swali moja tu: sindano iko?

Mara ya mwisho nilipomsindikiza nyanya kliniki, haikuwepo. Muuguzi alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina la mjomba, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kwa kosa lisilo lake: "Mama, haijaletwa. Jaribuni duka la dawa hapo ng'ambo." Nyanya hakujibu. Alifungua fundo la leso, akarudisha kadi ya kliniki palipokuwa na nauli, akaanza kuhesabu kilichobaki.

Nisiwe mchoyo wa shukrani, kwa sababu kazi imefanyika. Desemba 2019 liliundwa jopo chini ya Dkt. Frank Njenga, na Julai 2020 likatoa ripoti iliyopendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Lilipendekeza pia iundwe tume ya afya ya akili na furaha, itakayopima furaha ya Wakenya kila mwaka. (Hapo nilicheka. Waje waipime ya nyanya siku ya kliniki.) Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, yaliyotokana na mswada wa Seneta Sylvia Kasanga. Kaunti zikapewa wajibu wao, na kampuni za bima zikakatazwa kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Halafu tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Siku hiyo nilifurahi kwelikweli. Mtu aliyeponea chupuchupu kutoka kaburini hakustahili kupelekwa kortini.

Lakini asipopelekwa kortini, apelekwe wapi?

Tangu zamani jibu limekuwa: mbali. Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi, ilianza mwaka 1910, wakoloni walipogeuza kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui kuwa pa kuwafungia waliowaita wendawazimu. Ndui imetokomea duniani, ila fikra ya kutenga ingali hai. Mpaka leo jina la hospitali hiyo ni tusi. Sisi tuliokulia Mombasa tulikuwa na letu. Ukifanya kioja uliambiwa gari la Port Reitz, hospitali yetu yenye wodi ya wagonjwa wa akili, liko njiani.

Ndiyo maana naona jambo kubwa katika sheria mpya ni lile la mgonjwa kutibiwa karibu na kwao, katikati ya watu wake. Sasa hilo linategemea nini? Halitegemei jengo. Linategemea vidonge na sindano za zamani, ambazo si dawa za ajabu, ziwepo kwenye kabati la zahanati kila mwezi bila kukosa. Zikikosekana, mgonjwa atarudi wodini tu, na atarudi baada ya kuvunja vyombo, kugombana na jirani na kuwamaliza nguvu wanaomtunza. Kitanda cha wodi nacho si bure. Serikali inayobana pesa ya sindano huja kuilipa pale.

Ukiuliza nani wa kulaumiwa, utazungushwa. Tangu ugatuzi wa 2013, madaraka yalipogawiwa serikali za kaunti, hospitali nyingi ziko chini ya kaunti. Kaunti husema mgao kutoka Nairobi umechelewa. KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, husema kaunti hazijalilipa madeni yake. Wote husema kweli, na hapo ndipo ninapoona uchungu zaidi, maana hata wa kumgombeza humpati.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Wa mtaa wetu ni dada mchangamfu. Alikuja na mkoba wake, akampima nyanya presha (imepanda, ungetarajia nini?), akampima sukari, akaandika kwenye simu. Mjomba alikuwa ameketi barazani, hatua tatu kutoka pale. Alimwamkia, akaaga, akaenda zake. Simlaumu; hakutumwa hilo. Mimi ningemtuma. Ningempa orodha ya watu wa mtaa wanaodungwa sindano ya mwezi, awaulize swali moja: umedungwa? Jibu likiwa hapana, lifike kwa waziri wa afya wa kaunti wiki hiyo hiyo. Hilo halihitaji jopo jingine.

Mjomba alidungwa hatimaye, siku tisa baada ya tarehe yake, kwa dawa tuliyoinunua wenyewe. Alirudi akichechemea na kulalamika kwamba yule muuguzi ana mkono mzito. Tarehe inayofuata imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kadi. Nyanya ameshaanza kuitengea pesa, katika fundo la pili la leso.