Kapu Moja la Likizo: Homa Inalipiwa na Nani?

Waajiri kadhaa wameacha kuzigawa siku za mapumziko yenye malipo. Badala ya kutenga siku za likizo ya mwaka, za ugonjwa na za msiba au dharura, wanampa mfanyakazi kapu moja na kumwambia azitumie apendavyo, hakuna atakayemuuliza sababu. Anayetetea mgawanyo wa zamani huonekana mtu wa makaratasi, asiyeamini kwamba mtu mzima anaweza kujipangia mambo yake. Nadhani huyu hajasikilizwa ipasavyo.

Kapu lina hoja zake, tena nzito. Mtu halazimiki kudanganya kuwa anaumwa ili ampeleke mzazi wake kliniki. Hadaiwi cheti cha daktari kwa mafua ya siku moja, wala haelezi wakubwa wake siri za mwili wake. Na mahali kama California, ambako sheria huhesabu likizo iliyolimbikizwa kuwa ujira, siku za kapu zilizobaki hulipwa mtu anapoacha kazi, wakati siku za ugonjwa zilizotengwa peke yake kwa kawaida hazilipwi. Kwa anayeondoka, hizo ni fedha za kweli.

Tatizo langu ni hesabu. Chukua kazi iliyokuwa ikitoa siku 15 za likizo ya mwaka na 10 za ugonjwa. Zikiunganishwa zingekuwa 25, lakini mwajiri anajua kwamba wafanyakazi wengi hawazimalizi zile za ugonjwa. Akitoa 25 kamili atakuwa amewaongezea wengi mapumziko, kwa hiyo ana kila sababu ya kutoa, tuseme, 20. Mfanyakazi asiyeugua mwaka mzima anafurahi, maana amepata siku 5 zaidi za kupumzika. Mwenzake mwenye pumu, ambaye pia ana mtoto wa chekechea anayerudi nyumbani na kila kikohozi cha darasani, anatumia siku 10 kitandani na hospitalini. Zamani angebaki na 15 za kupumzika. Sasa anabaki na 10. Siku 5 alizoongezewa mzima ndizo zilizotoka kwa mgonjwa, na hakuna barua yoyote iliyomwambia hivyo.

Hata tukichukulia kwamba kapu limebaki 25, kuna jambo lingine lililobadilika. Zamani siku ya homa ilitoka kwenye fungu ambalo halikuwa na kazi nyingine. Sasa kila siku ya homa inakata siku ya kukaa na watoto au kwenda kuwaona ndugu. Mtu anapima: nikilala leo, nitapunguza safari ya mwisho wa mwaka. Anameza dawa, anakwenda kazini, anakaa saa nane akikohoa karibu na wenzake, na wiki inayofuata wenzake nao wanapima vilevile. Simlaumu, kwa kuwa utaratibu wenyewe umemfundisha kwamba kuugua ni matumizi mabaya ya likizo. Kapu lililosifiwa kwa kumpa uhuru limemfanya ashindane na mwili wake mwenyewe.

Wazo kwamba kuugua si kupumzika si geni. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unaweka likizo ya mwaka isiyopungua wiki 3 za kazi kwa nchi zilizouridhia. Sikukuu za umma hazihesabiwi ndani yake, na siku za ugonjwa zinaweza kuachwa nje kwa masharti ya kila nchi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 iliamua kwamba mfanyakazi aliyekuwa mgonjwa wakati wa likizo iliyokwisha kupangwa anaweza kuichukua baadaye, na mwaka 2012 ikathibitisha kwamba haki hiyo ipo hata ugonjwa ukianza katikati ya likizo. Sababu yake ni rahisi: likizo ya mwaka ni ya kupumzika na kustarehe, ya ugonjwa ni ya kupona.

Likizo ya uzazi sijasikia mtu akitaka iingizwe kapuni. Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000 unaitaja kwa jina lake na kuipa wiki zisizopungua 14. Kila mtu anaona kwamba kujifungua si starehe. Nimonia ni starehe?

Marekani, ambako sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kutoa hata siku moja ya likizo ya mwaka yenye malipo, naelewa kwa nini kapu linapendwa: ni bora kuliko mikono mitupu. Lakini penye mafungu yaliyotenganishwa tayari, kuyachanganya kunahitaji ulinzi. Mkataba Na. 132 unataka sehemu moja ya likizo iwe angalau wiki 2 mfululizo, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vinginevyo. Mwajiri anayependa kapu azifungie wiki hizo pembeni, ugonjwa usiziguse. Na anayeletewa mkataba mpya wa kazi aulize kabla ya kutia saini: kabla ya kuunganishwa, za ugonjwa zilikuwa ngapi?