Kiingilio ni bure, choo kiko ghorofani

Ukiongea na wenye kumbi za sanaa hapa Nairobi kuhusu nani haji na kwa nini, jibu huwa ni lile lile: mlango wetu uko wazi, maonyesho mengi ni bure, watu wenyewe tu ndio hawana hiyo tabia. Ukigusia watu wenye ulemavu unaambiwa kwa upole kabisa kwamba hao ni wachache na kusema ukweli hatuwaonangi. Sasa utawaonaje na ngazi zako zimewarudisha nyumbani kabla hawajafika mapokezi?

Tuanze na huo uchache maana ndio umebeba hoja yote. Sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu, kama watu 900,000 hivi, na hiyo namba watu wanaitaja kwenye mikutano kama vile imefunga mjadala. Angalia ilivyopatikana lakini. Waliohesabiwa ni wa miaka 5 kwenda juu, na ni wale waliosema wanapata shida kubwa sana ama hawawezi kabisa kuona, kusikia, kutembea na kadhalika. Ukijibu "napata shida kiasi" haumo. Yaani shosho ambaye magoti yamemuisha, anapanda ngazi moja moja akishikilia ukuta, anaweza kuwa nje kabisa ya hiyo 2.2. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi naye hayumo, na ngazi ni zile zile. Sensa ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5, na hakuna mtu ataniambia eti watu wetu walipona katikati hapo, ni vile kuhesabu kulibadilika. WHO nao wanakadiria asilimia 16 duniani kote, mtu 1 kati ya 6. Haya, chukua ukumbi wa viti 300: kwa hesabu ya sensa ungetarajia watu 6 ama 7, kwa ile ya WHO 48. Jiulize shoo ya mwisho uliyoenda uliona wangapi. Hata ukichagua namba ndogo kabisa, wale 6 hawakuwepo, kwa hivyo hiyo 2.2 haimtetei mwenye ukumbi, inamshtaki.

Lakini upande wa pili nao una maneno ya maana. Sanaa ya Nairobi inaishi kwenye majengo ambayo hayakujengewa sanaa: bungalo za kupanga za Kilimani na Lavington, vyumba vya juu huko tao, maghala ya Industrial Area kama lile la Dunga Road ambako kituo cha sanaa cha GoDown kilianza 2003. Landilodi hataki ubomoe ukuta wake. Jengo la kale nalo lina wenyewe, maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931 ina hadi sheria yake ya bunge, huwezi tu kutokea pale na nyundo. Halafu kuna hesabu ya rampu yenyewe, ile njia ya mteremko ya kupitisha wilchea, kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sasa ngazi zenye kimo cha mita 1 zinataka rampu ya mita 12 na hapo bado hujaweka pahali pa kupumzika na kugeuka. Mita 12 utazitoa wapi kwenye ploti ya tao? Mtu anayelipa rent kwa kuuza picha mbili tatu ukimwambia aweke lifti umemwambia afunge biashara. Na sheria si kwamba hazipo. Ile ya watu wenye ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 tangu kipengele chao kianze kutumika, Katiba ya 2010 iko na kifungu cha 54 cha haki zao, na 2025 tumepata sheria nyingine mpya. Hakuna hata moja iliyokuja na simiti.

Hapo sibishani nao. Kinachonikera ni vile hiyo lifti ya mamilioni inatumiwa kufunika vitu vya bei ndogo sana. Kiingilio chenye kidato kimoja cha sentimita 15 kinataka rampu ya mita 1.8, kazi ya fundi wa kuchomelea. Kuna ukumbi mmoja, sitautaja, una rampu nzuri tu, lakini iko nyuma karibu na jikoni, juu yake kumepangwa kreti za soda, mlango una kufuli na ufunguo anao soja wa zamu ya mchana. Shoo ni saa moja jioni. Choo nacho mlango unafungukia ndani, kwa hivyo wilchea ikishaingia mlango haufungiki, na kugeuza bawaba ufungukie nje sijui kama inamaliza asubuhi ya fundi. Mkalimani wa lugha ya ishara wanamlipa kabisa, halafu taa zikizimwa anabaki gizani kando ya jukwaa akipungia watu wasiomuona.

Geti pia ni sehemu ya jengo. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate 2013 na Riverside 2019 siwezi kumwambia mtu aondoe ukaguzi, na anayesema hivyo sidhani anakumbuka vizuri. Lakini ukaguzi ni kitu kimoja na maswali ni kingine. Wa gari anafunguliwa na saluti juu, wa miguu anaulizwa "unaenda wapi" na "unamuona nani," na anaambiwa aache kitambulisho, ambacho kijana wa miaka 17 hana bado. McMillan ilikuwa ya wazungu peke yao mpaka 1958, hiyo ilikuwa kanuni iliyoandikwa na watu wakapigana nayo. Ya geti la leo haijaandikwa popote, na ndiyo maana mwenye ukumbi anaweza kukuapia kwamba hajawahi kumzuia mtu, na anaamini.

Na tukishasema jengo tuseme pia barabara, maana shoo ikiisha National Theatre saa tatu na nusu usiku kuna kutembea kutoka Harry Thuku Road mpaka Odeon kutafuta matatu, na wanawake wengi wameshaifanya hiyo hesabu kabla hata hawajanunua tiketi. Taa za barabara ni za kaunti, sawa, lakini kuanza shoo saa kumi na moja Jumapili ni ya ukumbi.

Kama ni mimi ningeanza na bango, hata kabla ya fundi. Mabango yetu yanakwambia parking ipo, mvinyo upo, na M-Pesa ya kulipia ni ipi. Yaongeze mstari mmoja tu: ngazi ni ngapi, choo kiko ghorofa gani, mlango usio na kidato ni upi na ufunguo anao nani. Mwenye ukumbi akikaa kuandika huo mstari itabidi kwanza aende akahesabu.