Rangi za Breakout hazikutoka kwenye skrini
Kwamba Breakout, mchezo wa video wa kampuni ya Atari wa mwaka 1976 ambamo unabomoa ukuta wa matofali kwa mpira, ilikuwa na skrini ya rangi, kama makala moja inavyodai, si kweli. Skrini ilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Wekundu na unjano wa yale matofali ulitokana na vipande vya plastiki ya rangi vilivyowekwa juu ya skrini hiyo. Niliwahi kusaidia kufufua mashine moja kuukuu: kipande cha njano kilikuwa kimebanduka pembeni, matofali ya hapo yakabaki meupe pe, lakini mpira ukipanda kwenye safu nyekundu unageuka mwekundu. Ubunifu huo tusiufute kwa kuandika ovyo. Safu hiyo nyekundu ndiyo iliyonitesa, maana mpira ukiipenya ukagonga ukingo wa juu, kibao cha kuupigia mpira kinapungua nusu. Kuna aliyewahi kumaliza kuta zote mbili za matofali kwa mipira mitatu?