Runinga ilimzika P. Ramlee, kisha ikamfukua

Ilikuwa Idi yangu ya kwanza Gombak, nje kidogo ya Kuala Lumpur. Wenzangu wa Kimalei walikuwa wamekwenda kwao wote, Kelantan huko, Terengganu, Kedah, na bweni likabaki na sisi wageni: Wasomali, Wabosnia, Watanzania wachache tunaohesabika kwa vidole. Mgahawa uliokuwa wazi ni mmoja tu, ule wa Wahindi Waislamu ambao wenyeji huita mamak. Nikaagiza roti canai, chapati yao ya kukunja, na chai ya maziwa, nikakaa chini ya runinga iliyoning'inia ukutani.

Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena ya kale kiasi kwamba sauti ilikuwa inakwaruza kama santuri. Nikafikiri ni kwa ajili ya wazee. Lakini mhudumu, kijana asiyefika miaka ishirini, alikuwa anafuta meza huku midomo inacheza. Nilipotega sikio nikagundua anayasema maneno ya waigizaji pamoja nao, neno kwa neno, bila kutazama kioo. Meza ya pili baba na wanawe wawili nao wanafanya hivyohivyo. Filamu ile ilitoka kabla baba yule hajazaliwa.

Ukimuuliza Mmalei wa rika langu ni mchekeshaji gani wa runinga aliyemlea, kuna uwezekano mkubwa akutajie mtu ambaye hakuwahi kuwa mchekeshaji wa runinga. P. Ramlee, ndiye wa filamu ile ya mgahawani, alikuwa mtu wa sinema: mwigizaji, mwongozaji na mwimbaji. Maoni yangu, ambayo yamewahi kuniletea ubishi mrefu na wenyeji, ni kwamba runinga ni miongoni mwa vitu vilivyomuua kikazi, na ni hiyohiyo iliyomfanya kuwa mali ya kila nyumba alipokwisha kuwa kaburini, hana tena wa kumlipa.

Jina lake la kuzaliwa ni Teuku Zakaria bin Teuku Nyak Puteh. Ile P. ni ya Puteh, jina la baba, ambaye asili yake ni Aceh, ng'ambo ya mlango bahari, Sumatra. Yeye alizaliwa Penang tarehe 22 Machi 1929, akakulia muziki: ukulele, gitaa, baadaye fidla na piano. Alikuwa bado kijana wa kuimba kwenye shughuli pale mwongozaji wa Kihindi, B.S. Rajhans, alipomsikia na kumwita Singapore. Mwaka 1948 akaingia studio ya filamu ya Shaw Brothers iliyokuwa mtaa wa Jalan Ampas. Hakuitiwa sura. Alikuwa na chunusi na mwili mwembamba, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwakopesha sauti waigizaji wazuri wa sura, wao wafungue midomo, yeye aimbe. Katika filamu yake ya kwanza alipewa nafasi ya mtu mbaya.

Miaka saba baadaye alikuwa anaongoza filamu mwenyewe. Wakati ule studio za Kimalei zilimilikiwa na Wachina, zikaongozwa na Wahindi, na Wamalei wakawa wa kuigiza tu. Ramlee alikuwa miongoni mwa wachache waliouvunja mpango huo. Mwaka 1957 akachukua tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Asia huko Tokyo, kwa filamu ya kuliza ambamo aliigiza baba na mtoto wake. Kwa jumla aliigiza filamu zaidi ya 60, akaongoza thelathini na kitu, akatunga nyimbo mamia. Lakini nyimbo na filamu za kilio nawaachia wengine. Mimi nazungumzia kicheko.

Mwaka huohuo wa 1957 ilitoka Bujang Lapok, maana yake makapera walioota ukungu. Ni wanaume watatu wapangaji, hawana hela, hawana wake, wana maneno. Ramlee, S. Shamsuddin na Aziz Sattar. Mmoja mjanja kidogo, mmoja mzito, mmoja mwenye hasira za karibu. Watatu hao walirudi mara kadhaa, na iliyonikamata mimi ni ya 1961, Seniman Bujang Lapok. Humo makapera wanakwenda Jalan Ampas, studio ileile inayowalipa mshahara, kuomba kazi ya uigizaji. Getini wanakutana na mlinzi wa Kisingasinga anayewatazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akashangaa kama watu wa namna hii nao wanataka kuwa nyota wa filamu. Kimalei chake ni cha sokoni, kilichopindapinda, na mwigizaji ni Mmalei aliyefunga kilemba. Leo wapo wanaosema ni kejeli kwa Wasingasinga. Mimi naona anayechekwa pale ni studio. Mlinzi ndiye mtu pekee katika jengo zima anayesema ukweli kuhusu biashara ya sura.

Halafu kuna sehemu ya nyumba ya kupanga. Makapera wamepewa maneno ya kukariri usiku kucha, kesho watajaribiwa. Kila wakifungua kinywa, jirani huyu anapuliza tarumbeta, yule anapiga makelele, mwingine anaunguruma na pikipiki. Hakuna anayeteleza kwenye ganda la ndizi, hakuna anayepigwa kofi. Ni kelele za uswahilini tu, zinapandishwa ngazi kwa ngazi hadi unatamani kumfokea jirani wa ndani ya kioo. Aliyewahi kupanga chumba na salio la umeme la kugawana hahitaji tafsiri.

Na hapa nikiri jambo: nilianza kucheka kabla sijajua Kimalei. Maneno ya Kiarabu yalinibeba. Ramlee anasema khabar, mimi nasikia habari. Akal, akili. Sabar, subira. Dunia ni dunia, sabun ni sabuni, hakim ni hakimu, fikir ni fikiri. Kuna filamu ya makapera hao wanaokwenda kujifunza kusoma ukubwani, wamekaa darasani wanasoma herufi za Jawi, yaani hati ya Kiarabu iliyokatwa kwa kipimo cha Kimalei. Mtu wa pwani aliyesikia habari za barua za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati hiyohiyo, au aliyekaa chuoni na kuchapwa kwa kukosea alifu na be, atawatambua wale wanafunzi vichwa maji mara moja. Baadaye nilipojua lugha nikapata kicheko cha pili. Madu kwa Kimalei ni asali. Madu pia ni mke mwenza. Neno lilelile! Sasa fikiria filamu ya 1964 iitwayo Madu Tiga, wake wenza watatu, ambamo mume anaoa huku na huku akidhani ni mwerevu, kumbe mke mkubwa amekwisha kuwatafuta wenzake na kufanya nao urafiki. Sijui lugha nyingine iliyomrahisishia mtunzi kazi namna ile.

Mwaka huohuo akatoa Tiga Abdul, ndugu watatu katika nchi ya kubuni ya wavaa tarbushi. Mzee mmoja tajiri ana binti watatu na mkataba: anayeoa akikasirika, mali yake inachukuliwa, naye anauzwa utumwani. Kaka wawili wanakasirika. Wa tatu anatulia, anajifunza kumkasirisha mzee. Ukiitazama unasikia hekaya ya bibi, yenye mambo matatumatatu na kitinda mimba mwenye akili, isipokuwa katikati yake kuna wanasheria na hati za kusaini. Alikuwa na miaka 35 tu. Kwangu mimi hapo ndipo kilele.

Mwaka 1964 huohuo akahama kwenda Kuala Lumpur, studio ya Merdeka, Hulu Kelang. Wengi husimulia uhamisho ule kama kosa lake, eti angebaki Singapore. Angebaki kufanya nini? Singapore ilikuwa na runinga tangu Februari 1963, Kuala Lumpur tangu Desemba mwaka huo. Mtu aliyekuwa analipa kiingilio kumwona mwimbaji sasa anamwona sebuleni, au sebuleni kwa jirani. Ugomvi wa Indonesia na Malaysia ukafunga soko kubwa la filamu za Kimalei. Za India na Hong Kong zikaja na rangi. Mwaka 1967 Shaw Brothers wakaifunga Jalan Ampas. Kuhama hakukumponza, alikuwa anatoka kwenye nyumba inayoungua na kuingia kwenye nyumba isiyo na samani.

Merdeka vifaa vilikuwa haba na fedha haba zaidi. Filamu zake zikaendelea kuwa nyeusi na nyeupe wakati walimwengu wamekwisha kuzoea rangi, na vijana wakawa wanataka gitaa la umeme. Ukizitazama za miaka ile unaona mwanamume anayejua mzaha unakwenda wapi ila hana watu wa kuufikisha. Nasema hivi kwa heshima: ya mwisho, ya 1972, inanichosha. Naizima kabla ya nusu. Tarehe 29 Mei 1973 moyo ukasimama. Miaka 44. Akazikwa Jalan Ampang, Kuala Lumpur.

Sasa ndipo runinga ilipomkumbuka. Vituo vilikuwa na saa za kujaza, na ghala la filamu za Jalan Ampas lilikuwepo. Sikukuu ikija, Ramlee. Mchana wa Jumapili, Ramlee. Mwaka 1984 kikaja kituo cha kwanza cha binafsi, TV3, nacho kikamrusha vilevile. Watoto waliozaliwa baada ya mazishi yake wakajua maneno yake kabla ya kujua kusoma. Marudio yana nguvu ambayo sinema haina. Filamu uliyoilipia unaitazama mara moja, unaondoka. Ile inayorudi kila Idi inaingia katika maneno ya nyumbani, baba anamkemea mtoto kwa sauti ya mlinzi wa getini.

Wachekeshaji wa runinga wa kweli walikuja baadaye, na wengine nawapenda. TV3 ilikuwa na Pi Mai Pi Mai Tang Tu, mchezo wa majirani uliopewa jina kwa lahaja ya kaskazini: kwenda na kurudi, upo palepale. Miaka ya 2000 yakaja mashindano ya Raja Lawak, yaliyomtoa Nabil Ahmad na kauli yake ya "lu pikirlah sendiri", wewe fikiria mwenyewe, ambayo bweni letu lilikuwa linaitumia kumaliza kila ubishi. Lakini mashindano yana saa na majaji, mtu anataka kicheko sasa hivi, basi anapayuka. Ramlee hakuwa na haraka. Alikuacha uone tarumbeta inatolewa kwenye sanduku.

Vyeo navyo vilikuja vikiwa vimechelewa. Mwaka 1990 akaitwa Tan Sri, cheo cha heshima cha Malaysia, miaka 17 baada ya kuzikwa. Nyumba yake ya mwisho, Jalan Dedap, Setapak, ikafanywa makumbusho mwaka 1986. Nilikwenda kwa basi siku moja. Ni nyumba ya kawaida kabisa ya mtaani, ukiwa na haraka utaipita. Katikati ya jiji nako kuna Jalan P. Ramlee, barabara iliyojulikana sana kwa kumbi za starehe za usiku. Angekuwepo angeitengenezea filamu: makapera watatu hawana kiingilio, na getini kuna mlinzi.

Pale Gombak nilirudi mara nyingi, hata baada ya Idi. Yule mhudumu alikuwa na tabia moja. Alikuwa anacheka sekunde mbili kabla ya mzaha kufika, akiwa ameshika trei yenye vikombe, na wageni tusiojua lugha tulikuwa tunamtazama yeye ili tujue ni lini.